Karatasi Iliyovikwa Plastiki

Nyanchoka ana duka dogo la kompyuta mjini Migori, kando ya barabara ya Isebania. Asubuhi anatoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Alasiri anafundisha kompyuta. Wanafunzi wake wengi wanatoka mbali, na hawawezi kurudi darasani kila wanapokwama. Kwa hiyo aliwaandikia karatasi ya maelekezo: andika hivi, bonyeza hapa, ngoja. Ukiifuata, utaweka programu kwenye kompyuta yako bila kumsumbua mtu.

Karatasi hiyo aliipenda kupita kiasi. Alitoa nakala arobaini, akazivika plastiki ngumu ili zisilowe mvua wala chai.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu na Nashon, fundi wa kompyuta wa Oyugis. Nashon alimwambia kwamba Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, una aina nyingi, na maelekezo ya karatasi yake yanafaa aina moja tu, Ubuntu. Kompyuta ambazo Nashon anauza zina aina nyingine, Fedora, na huko hayafanyi kazi. Nyanchoka alisema atarekebisha. Kisha aliliangalia lile rundo lenye plastiki, akaona uchungu kulitupa. Wiki ijayo, alijiambia. Wiki ijayo ikawa wiki nyingine, na karatasi zikaendelea kutoka.

Mwezi wa sita alikwenda soko la Oyugis, akamkuta Dolphine akiuza nyanya. Dolphine ni mkulima wa Kosele. Alisoma kwa Nyanchoka miezi mitatu, na darasani alikuwa mwepesi kuliko wote. Nyanchoka alimuuliza kompyuta inaendeleaje. Dolphine aliinama, akaanza kupanga upya nyanya zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Mwalimu, niliacha. Kichwa yangu haiwezi hiyo kitu."

Akaeleza polepole. Chama kimoja cha wakulima kilitafuta mtu wa kuingiza vijitabu vya zamani vya kilimo kwenye kompyuta. Kila mwombaji alipewa kijitabu cha kurasa themanini siku ya Ijumaa, akirudishe kikiwa tayari Jumatatu asubuhi. Iko programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha, na maelekezo ya kuiweka yalikuwa kwenye karatasi ya mwalimu. Basi Jumamosi Dolphine aliketi mbele ya kompyuta aliyonunua kwa Nashon. Akaandika amri ya kwanza. Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Akaandika tena na tena, akifuata herufi kwa kidole. Akampigia mwalimu, simu ikaita bila kupokewa. Jumatatu alikwenda mikono mitupu, na kazi akapewa mwingine.

"Nilikuwa nimeambia watoto nitapata kazi," alisema. "Ni mimi sikushika mafunzo."

Nyanchoka alijua kwa nini simu haikupokewa. Yeye ni Msabato, na simu yake huiweka kimya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Lakini alikumbuka Jumapili moja ya mwezi wa nne alipoiangalia akakuta namba asiyoijua imempigia mara saba. Wakati ule alijiambia mwenye shida atapiga tena.

"Si wewe, Dolphine," alisema. "Ni karatasi yangu. Na Nashon alikuwa ameniambia mapema."

Dolphine alirudi kwenye nyanya zake. Hakusema 'si neno', na Nyanchoka hakustahili kuambiwa hivyo.

Siku ya tatu Nyanchoka na Nashon walifika Kosele. Dolphine aliitoa kompyuta chini ya magunia ya maharagwe, akaipangusa vumbi kwa leso.

"Linux ni kama boma ya wake wengi," Nashon alimwambia. "Boma ni moja, lakini kila mama ako na jikoni yake. Ukitafuta chumvi kwa mama mdogo mahali mama mkubwa huweka, hutaipata, na hiyo si makosa yako. Kwa Ubuntu unaandika apt. Kwa Fedora unaandika dnf. Hata jina la programu inaweza badilika."

Akamwonyesha kwanza namna ya kuiuliza kompyuta yenyewe ni ya aina gani. Kisha Dolphine akaandika amri ya Fedora kwa mkono wake. Programu ikaingia. Akapiga picha ukurasa wa kwanza wa kile kijitabu, ambacho chama hakikukidai, na maneno yakatokea kwenye kioo, yote.

Dolphine aliangalia saa kwenye simu yake. "Dakika tano," alisema. "Kumbe ilikuwa kitu ya dakika tano."

Baada ya siku hiyo Nyanchoka alizikusanya zile karatasi za zamani moja moja, nyingine akazibandua ukutani kwa watu. Karatasi mpya haina plastiki, ili iwe rahisi kuibadilisha. Juu kabisa inakuambia uangalie kwanza una Linux ya aina gani, na toleo gani. Kila aina ina sehemu yake. Chini kuna tarehe ambayo maelekezo yalijaribiwa, na namba ya Nashon, ambaye hupokea simu Jumamosi. Nyanchoka alimwomba Dolphine awe anajaribu sehemu ya Fedora kabla karatasi haijatoka. Dolphine alikaa wiki mbili ndipo akakubali. Sasa kila toleo jipya la Fedora likija, anajaribu upya, na amekwisha kugundua makosa mawili.

Jumapili iliyopita Nyanchoka alikuta ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa Nyatichi, mwanafunzi wake mpya wa Kosele, ambaye aliweka programu peke yake siku ya Sabato. "Imekubali, mwalimu," aliandika.

Nyanchoka alifurahi. Kisha akateremka kwenye orodha ya simu, hadi mwezi wa nne. Ile namba sasa ina jina, Dolphine. Zile simu saba bado ziko pale, na hakuna tena namna ya kuzipokea.