Nilimuuzia Neema Siri ya Mama Yake

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne. Sina mke wala mtoto, naishi chumba cha kupanga Mkolani, hapa Mwanza. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, wala ada haikukosekana... niliondoka tu siku moja kwa sababu nilitaka kujua machimbo ya dhahabu yakoje kwa ndani.

Ndivyo nilivyo. Nimeosha mchanga Geita, nimepakia ndizi kwenye malori kule Kagera, nimeanika dagaa visiwani, nimepiga debe stendi ya Buzuruga. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, na nikishachokwa nilihama. Kitu pekee nilichotembea nacho kote huko ni kupenda kusoma. Hata gazeti lililofungiwa maandazi nilikuwa nalikunjua nalisoma, vidole vikiwa vimejaa mafuta.

Naandika haya nikijua wapo watakaonitukana. Nitukaneni tu, ndugu zangu. Ila someni mpaka mwisho.

Pale Buzuruga ndipo nilipokutana na mwanamke ninayemwita dada, ingawa hatukuchangia baba wala mama. Mimi ni Msukuma, yeye ni Mjita. Kila mtu anamwita Mama Neema, kwa jina la binti yake wa pekee. Ni fundi cherehani, alikuwa na meza yake pembeni mwa stendi akibadilisha zipu za mabegi na kushona sare za wanafunzi. Nilipougua malaria nikalala kwenye benchi la abiria siku mbili, watu wakinipita tu, yeye ndiye aliyenichukua, akaniweka kwenye chumba chake cha stoo na kuninywesha uji kwa kijiko.

Nikapona, nikabaki. Neema wakati ule alikuwa darasa la sita. Akaanza kuniita mjomba bila kuambiwa na mtu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kuhama!

Kwenye kile chumba cha stoo, katikati ya mabegi mabovu, ndipo nilipoanza kuandika hadithi kwa simu. Nilibandika hadithi yangu ya kwanza mtandaoni, sehemu kwa sehemu, bure. Watu wakaipenda. Kila nilipokata mahali patamu walilalamika kwamba nawaacha na arosto, wakaitana, wakaomba niongeze. Nikajiona nimefika. Nikatangaza kwamba kuanzia sehemu ya kumi na mbili hadithi inauzwa, softikopi, unalipia kwa simu na mimi nakutumia.

Kimya! Wale mamia wote waliokuwa wakinililia... kimya. Wachache wakauliza kama kuna punguzo. Mmoja akaniahidi mwisho wa mwezi, sijui mwisho wa mwezi gani. Wanne tu ndio walionunua. Baada ya wiki moja nikaikuta hadithi yangu kwenye grupu nisilolijua, ina kava jipya na jina la mtu mwingine, na watu wanampongeza kwa kipaji.

Niliumia sana. Tangu siku hiyo nikajiwekea utaratibu. Kila anayenunua lazima anitumie majina yake mawili, nami nayaandika juu ya kila ukurasa wa nakala yake: nakala hii ni ya fulani. Nilitaka ikivuja nimjue aliyeivujisha. Huo utaratibu niliuonea fahari kweli. Sikujua utakuja kunifanya nini.

Nikaandika hadithi ya pili, ya tatu. Hali ikawa ileile. Nikaenda kulia kwa dada mmoja, admini wa grupu kubwa la wasomaji, tunamwita Madam Jeni. Yeye kazi yake ni kuwatangazia waandishi. Alinisikiliza, akacheka, akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo.

"Watu hawalipii cha kutunga, kaka. Wanalipia cha jirani. Wewe huna cha jirani?"

Nilikuwa nacho.

Mwaka ule Neema, aliyekuwa ameshamaliza kidato cha nne, alikuwa anajaza fomu za chuo cha uuguzi. Fomu zilitaka habari za familia, na kila akimuuliza mama yake kuhusu ndugu wa upande wa baba, au bibi mzaa mama, Mama Neema alikuwa anakumbuka ghafla kuna begi la mteja. Mimi na udadisi wangu nikaliona hilo. Nikauliza. Nikauliza tena kesho yake. Niliuliza wiki nzima, mara kwa utani, mara kwa kumzunguka, mpaka mchana mmoja akasimamisha cherehani na kunisimulia yote, sauti chini, macho kwenye sindano.

Akiwa binti alikuwa anaanika dagaa kwenye kambi ya wavuvi, kisiwa kimoja ambacho sitakitaja. Alikuwa na rafiki yake, Sabina. Sabina akapewa mimba na mvuvi aliyehama na samaki, akajifungua kambini, akafa siku ya pili. Mama Neema, ambaye yeye mwenyewe mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, akabaki na kile kichanga anakinywesha maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Kilizaliwa na kidole cha sita mkono wa kushoto. Akakifunga kwa uzi wa kushonea nyavu mpaka kikakauka na kudondoka, likabaki kovu.

Mama mzazi wa Sabina alipofika kutoka upande wa pili wa kisiwa, msiba ulikuwa na siku kumi. Alimkuta Mama Neema peke yake, maana kichanga alikuwa amekificha kwa mwanamke wa kambi ya jirani. Mzee wa watu akauliza mjukuu yuko wapi. Mama Neema akamwambia wamezikwa pamoja... Bibi akalia juu ya kaburi lile mpaka sauti ikakauka, akaondoka. Wiki iliyofuata Mama Neema akapanda boti na mtoto mgongoni, akaja Mwanza.

"Umenichimba mpaka umefika," aliniambia. "Sasa umejua. Kaa nalo."

Nikamwambia nitakaa nalo. Akasema Neema atamwambia mwenyewe, siku akimaliza chuo, akishavaa gauni lake jeupe. Siku hiyo atamchukua waende wote kisiwani kwa yule bibi, kama bado yupo, akapige magoti. Ameshapanga hata maneno.

Nilikaa nalo miezi saba. Halafu nikakaa chini nikaliandika.

Nilijidanganya kwa njia nyingi. Nilibadilisha majina. Kisiwa nikakipa jina lingine. Fundi cherehani nikamfanya msusi. Lakini kidole cha sita nilikiacha! Kilikuwa kitamu mno, ndugu zangu. Kila nilipojaribu kukifuta, hadithi ilipooza. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inakirudisha.

Juu ya kava nikaandika mkasa wa kweli. Kwenye tangazo nikasema umetokea hapahapa ziwani, mhusika yupo hai, anaishi Mwanza, huenda ndiye anayekuuzia nyanya. Madam Jeni akalisambaza.

Wasomaji walianza kubahatisha usiku uleule. Huyu akasema ni mama fulani wa Igoma, yule akasema ni mke wa mchungaji. Wakatukanana. Mmoja akaandika kwamba kuna fundi pale Buzuruga ana binti mwenye kovu mkononi, alimwona akipokea nguo. Ningeweza kukanusha. Ningeweza kuandika neno moja tu, hapana, ikaisha. Badala yake nikamjibu kama nilivyowajibu wote, kwa kile kikatuni cha kidole mdomoni.

Kwa nini? Kwa sababu kila aliyebahatisha alileta wanunuzi kumi! Simu haikupumzika. Nilikuwa nanakili jina, nabandika, natuma. Jina, nabandika, natuma. Mpaka vidole vikauma. Ni mwandishi gani wa Mwanza aliyewahi kuuza namna ile? Nilitembea barabarani nikicheka peke yangu.

Katikati ya majina yale lilikuwemo la Neema.

Alikuwa chuoni, mkoa wa jirani. Alisikia mjomba wake ana kitabu kinazungumzwa, akafurahi, akaazima simu ya mwenzake ili nisimtambue, akalipia kwa pesa yake ya matumizi. Alitaka aje kunishtukiza likizo kwamba na yeye ni mteja wangu. Akanitumia majina yake mawili kama nilivyoagiza, akiamini akina Neema ni wengi na sitashtuka. Mimi nikayanakili, nikayabandika juu ya kila ukurasa, nikatuma. Sikuyasoma! Jina la mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli... sikulisoma.

Siku ya tatu baada ya kutuma nakala ile, saa sita mchana, tulikuwa mezani pale stendi, mimi nakula muhogo, dada anabana zipu. Neema akashuka kwenye basi hana begi. Akamwamkia mama yake shikamoo kama kawaida. Mimi hakuniamkia. Akaweka simu juu ya cherehani, na pembeni ya simu akaweka mkono wake wa kushoto.

"Hapa alinifunga uzi nani?"

Mama Neema hajui kusoma vizuri, lakini jina la mwanawe analijua likiandikwa. Aliliona pale juu ya ukurasa. Akaniangalia. Sikuona hasira kwenye macho yale. Aliniangalia kama anajaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

"Nilikufunga mimi," akamjibu Neema. "Ulikuwa na siku nane."

"Na bibi ulimwambia nini?"

"Mwanangu, kaa kwanza, ule."

"Ulimwambia nini, mama?"

"Nilimwambia mmekufa wote."

Neema akachukua simu yake. Akasema anashukuru kwa kumlea, akayatamka maneno hayo kwa adabu kama mtu anayeaga ugenini, kisha akavuka barabara. Mama yake alinyanyuka, akakwama na kitambaa kilichokuwa bado kwenye sindano, akakivuta kikachanika. Alipofika barabarani binti hakuwepo.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Muhogo mkononi.

Neema aliacha masomo muhula ule, akamuuliza mama yake kwa simu jina la kisiwa, akaenda. Alimkuta bibi yake yu hai. Kaburi la mama yake limesakafiwa kwa saruji na limeandikwa: Sabina na mtoto wake. Akasimama pale akajisoma.

Wapo walioniambia nimefanya jambo jema, bibi amempata mjukuu, ukweli umetoka. Naomba msinipe faraja hiyo. Ukweli ule ulikuwa na mwenyewe, na alikuwa ameuandalia siku na maneno. Mimi niliuchukua nikauuza kwa wageni kwanza, na mwenye nao nikamwachia aibu.

Nilijaribu kukirudisha kitabu. Nilifuta matangazo, nikawaandikia wanunuzi mmoja mmoja niwarudishie pesa wafute. Wengine walifuta. Wengine wakanijibu kwa vicheko, wakisema sasa wameamini kweli ni mkasa wa kweli. Madam Jeni akaniambia nisijisumbue, tayari kuna mtu anakiuza na kava lake, majina ya juu ameyafuta yote. Kitabu cha karatasi ungekikusanya ukakichoma. Hiki utakichoma wapi?

Pale stendi watu wakaanza kuleta suruali ambazo hazijachanika, ili tu wamwone. Dada akabeba cherehani yake akahamia Buswelu. Mimi nilitoka kwenye chumba cha stoo siku ileile Neema alipovuka barabara. Hakunifukuza. Aliniambia tu nisisahau chandarua changu.

Ulipita mwaka mzima ndipo nikapata ujasiri wa kwenda Buswelu. Nilimkuta nje ya kibanda chake kipya. Nikapiga magoti vumbini mbele ya wateja. Akaniambia niinuke nisimzibie mwanga. Ndivyo nilivyosamehewa, kama nilisamehewa.

Nikiwa bado pale, simu yake ikaita. Ilikuwa ni Neema. Amerudi chuoni sasa, likizo anakwenda kwa bibi yake. Dada akaipokea kwa haraka, akaibonyeza vibaya, sauti ikatoka nje tukaisikia wote.

"Shikamoo, Mama Neema."

Kama tunavyomwita sisi watu baki...

Aliitikia marahaba. Akauliza habari za masomo, akauliza kama bibi anakula. Alipokata simu alishona mstari mzima na mashine haina uzi.

Mkasa huu nimemsomea kabla ya kuuleta kwenu, neno kwa neno, majina yakiwa si yale ya kweli. Kuna mahali aliniambia nitoe, nimetoa. Nilimuuliza kwa nini ananiruhusu. Akasema labda yupo mwingine kama mimi, mwenye siri ya mtu kwenye simu, anatafuta wateja.

Kama ni wewe, ndugu yangu mwandishi, nakusihi. Najua njaa ya kubandika kazi yako na kukosa hata mnunuzi mmoja. Nimeila hiyo njaa. Tunga, ukose wateja, utunge tena. Aliyekufungulia moyo wake hakukupa bidhaa. Na ukishabonyeza kutuma, hakuna mlango wa kurudi kuomba ruhusa.

Na wewe msomaji, jina la kitabu kile silitaji, maana kulitaja ni kukitangaza upya. Lakini ukikutana na softikopi yenye binti wa kidole cha sita, yenye kava lolote lile, ifute. Nakuomba usiisome kwanza.