Heshima Iliyomlaza Mama Cornelia

Tangu watu wahamie kijiji cha ujamaa, kule njia ya Mollo, nyumba zilikaa mstari mmoja. Ukichelewa kufagia uwanja, jirani wa nne anajua. Ukigombana na mumeo, kesho unaulizwa kisimani mmepatana kwa neno gani.

Luciana, mke wa Zenon, aliyajua hayo. Kila alfajiri alifagia, akachota maji, akapika uji wa ulezi, kisha akashika jembe kwenda shambani. Aliishi vizuri na mama mkwe wake, Mama Cornelia, mjane aliyekaribia miaka sabini. Mama Cornelia alikuwa hodari wa kazi, na mdomo wake haukuwa nyuma.

Siku moja Mama Cornelia aliinama kuinua debe la mahindi. Kitu kikalia mgongoni, kah. Akaketi papo hapo, jasho linamtoka.

Zenon alimpeleka hospitali mjini Sumbawanga kwa lori. Wakampiga picha ya mifupa. Daktari akasema, "Pingili moja ya mgongo imebonyea. Apumzike wiki chache, maumivu yakipungua aanze kutembea." Lakini Zenon, kwa hofu aliyokuwa nayo, alirudi nyumbani na neno moja tu: apumzike.

Basi Mama Cornelia akapumzishwa. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa minne. Alipogusa ufagio, Luciana alimnyang'anya.

"Acha, Mama. Watu watasema ninamtumikisha mkwe wangu."

Na watu wangesema kweli. Tena palikuwa na wifi yake, Dominika, aliyeolewa Wampembe, huko chini ziwani. Huyo alituma salamu: "Nikisikia mama yangu ameshika hata mwiko, nitaipanda milima hiyo nije tuonane." Luciana alimwogopa Dominika kuliko alivyomwogopa mwenyekiti wa kijiji.

Kumbe heshima ile ilikuwa inammaliza mama wa watu. Miguu ilikonda. Mgongo ulizidi kupinda. Kwenda chooni alishikwa mkono, baadaye akashikwa mikono yote miwili. Asubuhi moja alijaribu kuinuka kitandani akashindwa kabisa.

"Niambie kweli, Mama Basil," alimwuliza Luciana, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nimekwisha?"

"Hapana, Mama."

"Mimi kufa siogopi. Naogopa kubebwa chooni mpaka siku nitakayokufa."

Luciana alikwenda jikoni akalia. Kisha akajifuta uso, akaenda zahanati kumwona Nesi Atusaye. Nesi huyu alikuwa mwenyeji wa Tukuyu, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Jioni alifika nyumbani.

"Shikamoo, Mama. Mara ya mwisho umetembea lini?"

"Marahaba, mwanangu. Nitatembeaje, nami nimepumzishwa?"

Zenon akaeleza habari za picha na daktari. Nesi akasoma cheti cha hospitali, akatikisa kichwa.

"Mama ana mifupa iliyopungua nguvu. Huwapata wazee, hasa wanawake ambao hedhi yao imekoma. Umewahi kuona nguzo iliyoliwa na mchwa? Nje nzima, ndani matundu. Ukiibebesha mzigo inavunjika."

"Si ndiyo maana tunamlaza?" Luciana aliuliza.

"Hapo ndipo mlipokosea. Nguzo ni mti uliokufa, lakini mfupa uko hai. Mfupa usiofanya kazi huzidi kupungua. Misuli nayo inalala. Halafu siku moja mzee anajikwaa kidogo tu, nyonga inavunjika. Mazoezi hayatamrudishia ujana. Ila yatamtia nguvu miguuni, hataanguka ovyo, na mifupa haitapungua upesi hivyo."

"Mazoezi kama ya wanajeshi?" aliuliza Zenon.

"Mazoezi ya Mama Cornelia," alijibu Nesi.

Akaleta kiti kigumu, akakiegemeza ukutani. Mama aliinuka mara mbili kwa kusaidiwa, akaketi, akahema. "Zinatosha kwa leo," Nesi akasema. Kesho yake alimfundisha kushika mwimo wa mlango na kunyanyua visigino. Halafu kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa bado mlangoni na Luciana karibu. Halafu kusimama na mgongo ukutani, akijinyoosha kadiri awezavyo.

"Nisimame kwa muda gani? Mimi sina saa," Mama alisema.

Nesi aliiona rozari chini ya mto. "Mimi Mmoravian, mambo hayo siyajui. Salamu Maria moja inachukua muda gani?"

Mama Cornelia akaisali.

"Umeikimbiza hiyo. Isali polepole. Basi, Salamu Maria moja kwa mguu huu, moja kwa mguu ule."

"Bikira ataniona nimesimama kama korongo?"

"Ataona unataka kupona."

Mama alicheka. Luciana hakuwa amesikia kicheko chake tangu siku ya debe.

Nesi aliacha na makatazo. Asiinue mzigo mzito. Asiiname kwa kupinda mgongo, wala kuupindisha kwa ghafla. Maumivu makali yakija, aache, waje zahanati. Sakafuni pasiwe na vitu vya kumkwaza. Ale uji wa ulezi, maziwa yakipatikana, na dagaa wazima na mifupa yao. Akae nje apate jua.

"Na ufagio?" Luciana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huu mfupi unamkunja. Ufungieni mti mrefu, afagie amesimama wima."

Kazi haikuwa nyepesi. Wiki ya kwanza Mama alinung'unika kwamba magoti yanawaka. Siku mbili aligoma kabisa, akajifunika blanketi, na Luciana akambembeleza kama mtoto. Wiki ya tatu aliinuka kitini bila kushikwa. Baada ya mwezi alitembea hadi nyumba ya pili na kurudi, akishika fimbo. Usingizi ukamrudia. Mgongo haukunyooka wote, na siku za baridi bado ulimuuma, lakini alikuwa anatoka kwenda kusali na kuzungumza na wenzake. Majirani hawakunyamaza. Mmoja alisema waziwazi kisimani, "Siku hizi kuna watu wanaolimisha wagonjwa." Luciana alijitwika ndoo yake akaondoka. Maneno yale yalimchoma, asikudanganye mtu.

Maneno hayana miguu lakini yanafika. Yalifika Wampembe. Mchana mmoja Dominika akatokea uwanjani, vumbi hadi magotini. Alimkuta mama yake anafagia kwa ufagio mrefu. Luciana amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Wifi, wewe umekaa, mama anafagia?"

Mikono ya Luciana ilitaka kwenda kuunyakua ule ufagio. Akajizuia, akabaki palepale.

"Karibu, wifi," alisema. "Mwulize mwenyewe."

"Nitamwuliza nini? Nimeyaona kwa macho yangu."

"Dominika," Mama Cornelia alisema, "Wampembe siku hizi hawaamkii?"

Dominika akashusha sauti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, umechoka."

Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, hajamwaga hata tone. Dominika alikipokea kwa mikono miwili. Mara ya mwisho alipokuja, mama akiwa bado kitandani, yeye ndiye aliyemnywesha mama huyu maji kwa kijiko. Akainamia kikombe ili uso wake usionekane.

Baadaye kidogo Mama aliinuka kitini, akachukua fimbo yake, akashika njia ya nyuma ya nyumba. Dominika akaruka, mikono mbele, tayari kumkamata kiunoni.

Mama Cornelia akasimama, akageuka mzima mzima.

"Unakwenda wapi?"

"Nikushike, Mama. Si unakwenda chooni?"

"Choo chenyewe kina tundu moja, mwanangu. Kaa hapo ungoje zamu yako."

Akaingia peke yake, akavuta mlango.