Furaha ya Watu Watano

Jumamosi mchana Alum Rock Road, barabara ya maduka huku Uingereza, haina adabu. Watu wanapigana vikumbo, magunia ya mchele yamepangwa hadi kwenye njia ya miguu, wenye maduka wanaita wateja kwa Kiurdu na Kisomali, na kila mwenye kigari cha mtoto anajiona ana haki ya kupita kwanza. Istahil alikuwa na kigari cha watoto wawili, kwa hiyo haki yake ilikuwa maradufu. Alikisukuma hadi ndani ya duka la vyakula vya kwetu, akanyoosha mkono kuchukua pakiti ya mwisho ya unga wa ugali, na mkono mwingine ukaishika pakiti hiyo hiyo kwa upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, koti la kahawia, skafu ameizungusha shingoni ovyo ovyo, ndevu zimechongwa vizuri. Istahil alivaa abaya nyeusi na mtandio wa zambarau uliomkaa hasa. Macho yake, jamani, yalikuwa na uchovu wa miezi na bado yalikuwa mazuri. Kijana alikwisha kumsikia akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili, naye akatumia Kiswahili hicho hicho.

"Kwenu mnakula wangapi?"

"Watano."

"Mimi nala peke yangu. Chukua, dada. Furaha ya watano inazidi ya mmoja."

"Na kama hao watano hawapendi ugali?"

"Basi nitakuwa nimeonewa bure," alisema, na wote wawili wakacheka.

Jina lake lilikuwa Mubarik, Msomali wa Isiolo, na alikuwa anasomea udaktari wa falsafa. Jioni alifundisha watu wazima katika ukumbi mmoja wa Saltley: mawazo ya Waingereza wa karne ya kumi na tisa juu ya maadili na siasa. Ndiyo, kuna watu wanalipwa kwa hilo. Alimbebea mfuko hadi kituo cha basi huku akimweleza kwamba mabwana wale walitaka kupima wema kama unavyopima nyama buchani. Jambo jema ni lile linaloleta raha nyingi kuliko maumivu, na katika mizani hiyo raha ya bwana mkubwa na ya mfagiaji zina uzito mmoja. Istahil alimuuliza nani anashika mizani. Mubarik akasema hilo ni swali la darasani, aje Jumanne.

Akaja. Istahil alikuwa mkalimani hospitalini, binti wa Eastleigh, Nairobi, na kutwa kazi yake ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Pale ukumbini aliulizwa yeye mwenyewe anaona nini, na alijikuta anabisha hadi viti vikageuzwa kumtazama. Baada ya hapo simu hazikukatika. Mubarik alimpigia wakati wa chakula cha mchana, akimwita Profesa. Yeye alimwita Sheikh wa Furaha. Jumapili walikutana Erdington, alikopanga Mubarik chumba juu ya duka la kinyozi, wakatembea barabara ya maduka na watoto mbele yao, wanakula chipsi zenye siki, mwavuli ukiegemea upande wa Istahil na bega la Mubarik likiloa. Istahil alimpenda sana. Wote wawili walipendana, na walijua.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Istahil hakulisema. Watoto wale, Kowsar, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuongea, na mdogo wake Yarrow, walikuwa wa dada yake Muslimo. Hilo Mubarik alilijua. Alichokuwa hajui ni kwamba Muslimo alikuwa amefariki tangu majira ya baridi yaliyopita, moyo ulisimama ghafla akiwa anapanda ngazi za nyumbani kwake Bordesley Green. Istahil alimzungumzia kama yuko hai. Muslimo ndiye fundi wa sambusa, alisema, mimi naunguza tu. Muslimo hapendi nicheke kwa sauti barabarani. Siku Mubarik alipoomba amsalimie dada kwa simu, Istahil alijibu kwamba amelala. Alijiambia kwamba huo si uongo hasa.

Msimcheke. Nyumba ile ilimsaidia kuamini. Alikuwa amehamia humo kulea watoto, na nguo za Muslimo zilikuwa bado zimetundikwa kabatini. Kulikuwa na harufu ya uunsi, udi wa Kisomali aliouchanganya Muslimo kwa mkono wake, iliyokuwa ikishuka ngazini wakati hakuna aliyewasha kitu. Asubuhi Kowsar alikaa ngazi ya chini akiongea na mtu, na akiulizwa anaongea na nani alisema, na mama. Simu ya marehemu ilikuwa inachajiwa kila siku. Istahil alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti wa dada yake anapopika, na mara nyingine alimjibu.

Sasa sikilizeni mila ya kwao. Mwanamume akifiwa na mke mwenye watoto, ndugu wa mke wanaweza kumwoza dada wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni. Abdow, mume wa Muslimo, alikuwa mtu mpole, dereva wa teksi asiyeinua sauti. Mama yake, bibi Zeinab, alikuwa amekuja kutoka Uholanzi baada ya msiba. Ami Bulle, mdogo wa marehemu baba yao Istahil na Muslimo, ndiye aliyekuwa walii, msimamizi wa kumwoza. Mama mzazi wa Istahil alikuwa Nairobi akilia kwenye simu. Wote walianza kumwambia Istahil kwa upole jambo moja: aolewe na Abdow. Hakuna aliyemlazimisha. Bibi Zeinab alisema tu kwamba asipokubali, yeye ni mzee, itabidi awachukue watoto warudi naye Uholanzi. Istahil aliomba muda. Alitaka kwanza kumweleza Mubarik, na kila alipofungua mdomo, badala ya "alikufa" alisema jambo jingine.

Jumanne moja Mubarik aliingia darasani amechangamka. Aliwaambia kwamba karne ile sheria ya Uingereza ilimkataza mwanamume kumwoa dada wa marehemu mkewe, na kwamba bungeni waligombana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Akawataka walipime. Istahil alinusa uunsi, humo humo ukumbini, katikati ya wazee waliovaa makoti yaliyoloa mvua.

Mubarik alisema sheria ile ilikuwa ya kikatili. Mama mdogo tayari anawalea watoto, nani mwingine atawapenda hivyo? Alihesabu kwa vidole: baba, bibi, watoto wawili, mama wa marehemu anayelala bila wasiwasi. Watu watano wanapata nafuu.

"Na kama huyo mama mdogo ana mtu wake?" Istahil aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

Mubarik alitabasamu. Alidhani Profesa wake anamchokoza kama kawaida. "Huyo mtu ataumia, kisha atapona. Moyo mmoja dhidi ya watano. Kama ningekuwa mimi huyo mtu, ningejitoa."

Maskini, angejua. Mtu msomi anaweza kujichimbia kaburi mchana kweupe huku anaandika ubaoni.

Istahil alichukua mkoba wake akatoka kabla ya mapumziko. Nyumbani alimwambia bibi Zeinab kwamba amekubali wazee waje. Kisha akaifungia namba ya Mubarik. Mubarik alipiga, hakupata. Alisimama kituo cha basi cha hospitali hadi vidole vikafa kwa baridi, na Istahil akaondoka kwa mlango wa nyuma. Mubarik alidhani Istahil amechoshwa naye. Alidhani kuna mwingine, na hapo hakukosea sana.

Aliyemfumbua macho alikuwa Madhu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa na duka la vitambaa jirani na lile la unga. Mubarik alimuuliza kama amemwona dada mwenye kigari cha watoto wawili. Madhu akasikitika. Yule anayelea watoto wa marehemu dada yake? Kashonesha nguo, anaolewa na shemeji yake, wazee wanakutana Jumapili hii.

Mubarik alishika meza. Marehemu? Aliikumbuka kila sambusa ya Muslimo, kila "amelala", na ule ubao wake. Aliazima simu ya Madhu hapo hapo akapiga.

"Kwa nini hukuniambia amekufa?" aliuliza.

"Nikikuambia wewe, atakuwa amekufa kweli."

"Istahil, mimi nilikuwa naongea juu ya watu wa zamani. Sikujua ni wewe."

"Ungejua, jibu lingebadilika?"

Mubarik alitaka kusema ndiyo. Alikuwa mkweli mno, au mjinga mno, chagueni. "Hesabu isingebadilika. Mimi ndiye ningebadilika."

"Basi ulisema kweli. Usijute."

"Sikiliza, mpenzi. Nakupenda, na sitakuambia ufanye nini, nimekwisha kuongea vya kutosha. Lakini ami yako akikuuliza, ukinyamaza watasema haya imekuzidi, umekubali. Ndivyo kwetu. Usinyamaze tu. Kama ni ndiyo, iseme mwenyewe."

Istahil alikata simu. Alilia huku anakata vitunguu, ili Kowsar asiulize.

Jumapili sebule ilijaa. Wazee walikaa kwenye kochi, chai ya iliki ikapita, mvua ilikuwa inapiga dirisha. Juu, bibi Zeinab aliiweka kando nguo mpya, akamvalisha Istahil dirac ya kijani ya Muslimo, gauni refu la Kisomali iliyokunjwa sandukuni tangu msiba. Kwa mapenzi tu, wala hakuwa na nia mbaya. Alimfunga kitambaa kichwani kama alivyokuwa akifunga Muslimo, akampaka mafuta ya marehemu, akamfukiza uunsi wa mwisho uliobaki kwenye kopo. Istahil alijitazama kwenye kioo akaogopa. Aliyekuwa akimtazama hakuwa yeye.

Alishuka ngazi zile. Kowsar alikuwa ameketi mahali pake, akainua uso, ukang'aa.

"Mama umeshuka," alisema.

Na Abdow, kule mlangoni mwa sebule, alisimama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Istahil alikuwa hajawahi kuiona kwa mwanamume yeyote, furaha ya mtu aliyerudishiwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Haikumhusu Istahil hata kidogo. Alielewa kwamba akikubali ataishi humo akiitwa hivyo, akitazamwa hivyo, hadi mwenyewe asahau kwamba kulikuwa na Istahil.

Ami Bulle alikohoa. Alimuuliza kama ameridhia kuolewa na Abdow. Alisubiri kidogo, akatabasamu, akawageukia wenzake kuwaambia kwamba binti ana haya.

"Sina haya, ami," Istahil alisema. "Mimi ni Istahil. Muslimo amekufa. Alikufa kwenye ngazi zile, na mimi siwezi kuwa yeye. Nimekataa."

Hakuna aliyemfokea. Wangemfokea, ingekuwa rahisi zaidi. Bibi Zeinab alijifunika uso kwa shela. Abdow aliketi chini kwenye zulia, pale pale alipokuwa amesimama, akalia kama mtu aliyepata habari siku hiyo. Alipoweza kusema, alimwomba Istahil radhi. Alisema kila akimtazama alimwona mkewe, ndiyo maana aliitaka ndoa, na alijua si haki.

Bibi Zeinab alitimiza neno lake. Abdow hakuweza kuendesha teksi na kulea wadogo wale peke yake, naye akaona heri wahamie wote kwa mama yake Uholanzi. Asubuhi waliyoondoka, Kowsar alishika nguo ya Istahil kwa mikono yote miwili, ikabidi baba yake amfungue kidole kimoja kimoja. Gari lilipokata kona kilio kilikuwa bado kinasikika. Ndani ya nyumba harufu ilikuwa imekwisha, na Istahil aliitafuta chumba kwa chumba.

Mubarik, ambaye Istahil alimpigia kumweleza yote, alimkuta ameketi kizingitini, mlango wazi, koti hana. Alivua lake akamfunika, akakaa kando yake kwenye saruji baridi. Hakuleta ua wala pete. Alimuuliza kama atakubali kuolewa naye, kisha akamwomba asijibu leo.

"Nitajibu leo," Istahil alisema. "Lakini usiniambie hata siku moja kwamba ilikuwa sawa. Watu watano wanaumia kwa sababu yangu. Kowsar atalia usiku huu, na kesho, na mimi sitakuwepo. Najua hayo yote, na bado nakutaka. Unaweza kuishi na mwanamke kama huyo?"

Mubarik alifikiri, maana Istahil alistahili jibu lililofikiriwa.

"Naweza," alisema.

"Basi nimekubali," Istahil alisema, akaanza kulia.