Bei ya Dhahabu ya Jumapili

Ritha, au Mama Wema kama wengi walivyomwita, alirudi kutoka Samuye Jumatatu asubuhi na watoto wawili na debe la viazi, akakuta nyumba imefungwa na mumewe hayupo. Simu yake haikupatikana. Aliwaacha watoto kwa jirani, akapanda bodaboda hadi ofisini kwa mumewe, ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli, karibu na stesheni ya reli ya Shinyanga. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Alipousukuma alimwona Theonest amelala kifudifudi kando ya meza, damu imemkaukia shingoni. Alimshika mkono. Ulikuwa bado una joto.

Inspekta Zipora Mayala alipofika, majeruhi alikuwa ameshapelekwa hospitali. Zipora alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kabla ya kuingia mahali penye tukio, akiangalia kila kitu bila kugusa kitu. Wenzake walizoea kumsubiri.

Mezani palikuwa na skrini mbili, nyaya zikining'inia. Kompyuta yenyewe haikuwapo. Kitasa kilikuwa kizima, hakikuvunjwa.

"Pochi na simu vimekutwa mfukoni mwake, afande," alisema Koplo Athanas. "Simu imeisha chaji."

"Mwizi anayebeba kompyuta na kuacha simu?"

"Labda alikuwa na haraka."

Zipora alichuchumaa. Pale ilipokaa kompyuta, sakafuni, palikuwa na chembechembe za kahawia. Alizisugua kwa vidole, akanusa.

"Mashudu ya pamba," alisema.

"Ng'ombe wamepanda ngazi?" Athanas alitania.

"Ng'ombe hapana," alisema Zipora bila kucheka. "Gunia, huenda."

Hospitalini daktari alimweleza kwamba mgonjwa alipigwa kwa kitu kizito kisogoni, Jumapili mchana au jioni. Angepona, lakini hakuna aliyejua angeamka lini. Ritha alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, khanga yake imelowa machozi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Wema. Pole sana. Nieleze kazi ya mumeo."

"Anaandika programu za kompyuta. Ameandika moja, yeye anaiita roboti. Inaangalia bei ya dhahabu kwenye soko la dunia, inanunua na kuuza yenyewe kwa kanuni alizoipa. Haina woga, haina tamaa, ndivyo anavyosema. Wana ofisi pamoja na mwenzake, Boaz. Yeye anakaa na mashine, Boaz anatafuta wateja."

"Funguo za ofisi wanazo wangapi?"

"Wao wawili tu."

"Mbona Jumapili hukuwa naye?"

"Kila wikendi tunakwenda wote Samuye, kwa mama mkwe. Roboti inalala Jumamosi na Jumapili, naye anapumzika. Safari hii akasema tutangulie, kuna mtu lazima aonane naye uso kwa uso."

"Nani?"

"Hakusema. Ila Ijumaa alikuja mchimbaji kutoka Bulyanhulu, akapiga kelele mpaka watu wa dukani wakapanda kuangalia. Anaitwa Nasibu." Ritha alijifuta macho. "Toka siku hiyo mume wangu hakula vizuri."

Boaz hakungoja kuitwa. Alikuja kituoni mwenyewe mchana ule, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye sauti ya kuwafanya watu wasogee karibu.

"Afande, mimi nilijua jambo hili litatokea," alisema. "Jumapili mchana nilikuwa kwenye zizi langu Samuye. Nafungua simu kuangalia akaunti ya wachimbaji, naona roboti imenunua dhahabu nyingi na bei inaporomoka. Inanunua tena, bei inazidi kushuka! Mpaka akaunti ikabaki sifuri. Nikampigia Theonest, analia kama mtoto. Nikamwambia ajifungie ndani, maana watu wa Bulyanhulu wakisikia watamuua."

"Wewe kuja mjini ulikuja saa ngapi?"

"Sikuja. Nilikaa Samuye mpaka leo."

Kampuni ya simu ilithibitisha kwamba Boaz alimpigia Theonest Jumapili mchana na wakazungumza. Athanas alifunga jalada kwa furaha.

"Basi ni Nasibu, afande. Ana hasira, amepoteza pesa, ameshakuja kutishia. Tukamchukue."

"Tukamsikilize kwanza," alisema Zipora.

Jumanne asubuhi walimkuta Nasibu kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, nje kidogo ya eneo la mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Alikuwa mtu wa miraba minne, vumbi limempaka weupe mpaka kope. Alipomwona Zipora alizima injini, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Unamfahamu Theonest wa Shinyanga?"

"Namfahamu tangu Ijumaa. Nilikwenda kwake kudai pesa za kikundi, tunataka pampu, duara letu, shimo tunalochimba, limejaa maji. Nilipiga kelele, sikatai. Lakini sikumgusa."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ukingo wa duara uliporomoka ukamvunja mguu mwenzetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Nikakaa naye mpaka jioni. Muulize nesi."

Athanas alikwenda kumuuliza nesi. Zipora aliketi juu ya jiwe, Nasibu akakaa mbele yake.

"Ijumaa Theonest alikwambiaje?"

"Hapo ndipo aliponichanganya. Alisema hajui pesa zetu. Nikamwambia usinifanye mjinga, Boaz anakuja hapa kila Jumapili tukitoka kanisani, anafunga skrini kubwa kwenye ukuta wa mgahawa, tunaiona roboti ikinunua na kuuza. Bei inapanda na kushuka mbele ya macho yetu, faida inaongezeka, watu wanapiga makofi! Ndipo tukachanga."

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo siku yetu ya kupumzika. Basi nilipomwambia hivyo, yule bwana aliketi chini, akashika kichwa. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika ni Jumapili. Kisha akaniambia, ndugu yangu, nipe siku chache, nitakuja mwenyewe kuwaeleza."

Athanas alirudi. Nesi alikuwa amethibitisha kila neno.

Njiani kurudi Zipora alimpigia Ritha, akamuuliza swali moja tu, akasikiliza jibu lake lote. Kisha alimgeukia Athanas.

"Nishushe kituoni. Wewe uchukue askari wawili na hati ya upekuzi, uende kwenye zizi la Boaz. Waulize wachungaji wake. Ukifika ghalani, usiache gunia hata moja."

Alasiri ile Boaz alikaribishwa kiti katika chumba cha mahojiano. Kando ya ukuta waliketi Ritha na Nasibu. Boaz alipomwona Nasibu alisogeza kiti chake nyuma.

"Mmemkamata. Mungu mkubwa."

"Nataka tuhakikishe maelezo yako," alisema Zipora. "Uliiona roboti ikinunua dhahabu Jumapili mchana?"

"Kwa macho yangu haya."

"Kwenye soko la dunia, si majaribio?"

"Soko la dunia, afande. Dakika ile ile."

"Mama Wema, mwambie ulichoniambia kwenye simu."

Ritha alimtazama Boaz moja kwa moja. "Nilikuwa nadhani roboti inalala wikendi kwa sababu mume wangu anaizima. Kumbe sivyo. Yeye mwenyewe alinieleza zamani. Soko la dhahabu linafungwa Ijumaa usiku, halifunguliwi mpaka Jumatatu kabla ya alfajiri. Jumapili mchana hakuna anayenunua wala kuuza. Bei inasimama pale pale."

Nasibu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alisimama taratibu.

"Sasa tulichokuwa tunapigia makofi ni nini?"

"Bei za zamani," alisema Zipora. "Mama Wema ameniambia Theonest aliweka ndani ya programu yake sehemu ya kuijaribu roboti kwa bei zilizokwisha kupita. Boaz alichagua wiki ilizoshinda tu, akawafungulia kama marudio ya mechi ambayo matokeo yake yanajulikana. Aliipenda Jumapili kwa sababu nyinyi mpo huru na Theonest yuko Samuye. Alipotaka kunieleza jinsi pesa zilivyopotea, alisimulia uongo ule ule aliouzoea, na siku ile ile."

"Nimekosea siku," alisema Boaz haraka. "Labda ilikuwa Ijumaa—"

"Ijumaa hukumpigia simu. Ulimpigia Jumapili, kupanga mkutane ofisini."

Mlango ulifunguliwa. Athanas aliingia amekumbatia kompyuta, matundu yake yote yamejaa mashudu.

"Ilikuwa ndani ya gunia, afande, chini kabisa ya ghala. Na wachungaji wanasema Jumapili aliondoka na pikipiki mchana akiwa na gunia tupu, akarudi jioni nalo limejaa."

Boaz aliitazama ile kompyuta. Sauti yake ya kuwavuta watu ilikuwa imemwishia.

"Alitaka kwenda Bulyanhulu kuwaambia," alisema. "Nilimwomba anipe msimu mmoja, ng'ombe wanenepe, niuze, nirudishe. Akasema hapana, ni kesho. Akageuka kuchukua funguo. Ile betri nzito ya kuiwasha kompyuta umeme ukikatika ilikuwa mkononi mwangu."

"Pesa zetu ndizo hao ng'ombe?" aliuliza Nasibu.

"Kwenye roboti haikuingia hata shilingi, na kompyuta ingelionyesha hilo. Nilijaribu mwanzoni kuwaeleza watu ukweli. Inapata kidogo, kuna miezi inapoteza. Hakuna aliyenisikiliza! Siku nilipoonyesha faida za kila dakika, mlijipanga foleni."

"Hilo la kujipanga nalibeba," alisema Nasibu. "La kumpiga mwenzako na kumwacha afe, libebe mwenyewe."

Zipora aliwaita askari.

Ng'ombe wote wa zizi la Samuye walishikiliwa wakisubiri amri ya mahakama, na wanakikundi wakaandikishwa kuwa walalamikaji. Theonest aliamka Alhamisi, akaomba maji, kisha akamuuliza Ritha kama wale wachimbaji wameelezwa.

Jumamosi Zipora alipokwenda kuchukua maelezo yake alimkuta Nasibu ameketi kitandani kwa mgonjwa, ameoga, amevaa shati jeupe.

"Afande, nimemwambia akipona aje atuonyeshe hiyo roboti ya kweli," alisema Nasibu. "Hatutoi pesa. Tunataka kuona tu."

Theonest alicheka kidogo, akashika bandeji yake.

"Nitakuja siku ya kazi, soko likiwa wazi," alisema. "Na nitaanza na ile miezi iliyopata hasara."

"Anza na hiyo," alisema Nasibu, akimsogezea mto. "Safari hii tutauliza maswali."