Mjumbe Aliyekuwa Karibu

Waligongana langoni mwa hospitali saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa pomoni. Msichana ni fundi wa mitambo ya simu, ovaroli la bluu, ngazi begani. Ngazi hiyo ndiyo iliyomparuza nesi mmoja wa kiume shati lake jeupe lililonyooshwa likanyooka. Nesi hakutaka pole, alitaka kujua anapanda juu kufanya nini.

Fundi akamweleza: mawimbi hayafiki kila chumba, basi visanduku anavyofunga juu vinapokezana ujumbe mpaka ufike.

“Unachaguaje kisanduku cha kutuma ujumbe?”

“Sichagui kilicho karibu nami. Nachagua kinachosikilizana na pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa dhaifu, ujumbe unafia njiani.”

Tangu siku hiyo Nesi akamwita Mama Antena, akawa anapiga simu kumuuliza kama amekula, hata akijua amekula.

Kisha Nesi akapata kazi mji wa mbali. Alimwomba wakaoane huko. Fundi akasita. Nesi akasema basi lake ni Jumamosi adhuhuri; asiposikia neno, atajua amekataliwa.

Jumamosi hiyo Fundi alikuwa juu ya paa, amezima mtambo wa mtaa mzima abadilishe vifaa, na ndipo moyo ulipokata shauri: anakwenda! Lakini simu zimekufa, tena kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi kwenda mbali, hospitali inangoja mtambo uwake.

Ng'ambo ya barabara alikuwako mshona nguo, rafiki yao wote wawili. Kumfikia ni kushuka na kuvuka. Chini ya paa dada yake Fundi alikuwa akianika nguo. Dada na Nesi hawakuwa wakisalimiana tangu wagombane, na Fundi alilijua hilo. Haraka, jamani. Akamtuma dada.

Dada alibisha hodi kwa Nesi mara moja tu. Nesi alikuwa uani akifunga mizigo, hakusikia. Dada akarudi kwenye nguo zake.

Mtambo ulipowaka, Nesi alikuwa safarini, laini ya simu ameitupa kwa uchungu. Mwaka ulipita kabla Nesi hajampigia Fundi. Mshona nguo ndiye aliyemsimulia Nesi yaliyotokea.

“Ulimtuma dada yako?”

“Ndiye aliyekuwa karibu.”

Nyuma ya Nesi sauti ya mwanamke ikamwita mume wangu, chakula tayari.

“Mama Antena,” akasema polepole, “si wewe uliyenifundisha?”

Mawimbi yalikuwa safi siku hiyo, kila mmoja akamsikia mwenzake akilia.