Helmeti Nyekundu ya Ghizlane

Kila asubuhi Bi Touria alimpeleka binti yake Ghizlane shuleni kwa pikipiki, kisha akaelekea kwenye karakana ya ushonaji alikofanya kazi. Mjini Marrakesh wanawake wengi huendesha pikipiki, lakini wachache walijikinga kama yeye. Alivaa helmeti nzito, koti la ngozi na glavu, hata jua lilipochoma.

Ghizlane, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliona haya. Wenzake walimtania kwamba mama yake anakwenda vitani. Kwa hiyo helmeti yake ya zamani ilipoanza kumbana, alikataa mpya ya aina ya ile ya mama yake, akang'ang'ania moja nyekundu, nyepesi kama bakuli la plastiki. Muuzaji, Bwana Laayachi, aliapa kwamba ni imara. Bi Touria, aliyekuwa amechoka kubishana, akainunua.

Wiki hiyohiyo, gari la mizigo lilikata kona mbele yao ghafla. Pikipiki ikateleza, wakaanguka wote wawili. Glavu za Bi Touria zilichanika, lakini viganja vyake vilibaki vizima. Helmeti ya Ghizlane ilipasuka vipande viwili. Alishonwa nyuzi kwenye paji la uso, na mkono wake, uliokuwa wazi kwa sababu alikuwa amekunja mikono ya sweta, ulichubuka vibaya.

Hospitalini Bi Touria hakulia wala kugomba. Alivitia vipande vya helmeti kwenye mfuko, akaufunga.

Jeraha lilipoanza kupona, walikwenda dukani kwa Laayachi. Wateja walikuwa wengi. Bi Touria aliweka vile vipande juu ya meza.

"Uliniapia," alisema.

Laayachi alivitazama, akatabasamu. "Bibi, mtoto alipenda rangi, nami nikamuuzia rangi. Kosa langu liko wapi?"

Ghizlane alichukua helmeti nyingine kama ile kutoka kwenye rafu, akamnyooshea.

"Basi vaa hii wewe," alisema. "Panda pikipiki, uende nayo mpaka nyumbani kwako."

Laayachi hakuipokea. Bi Touria aliichukua, akaiweka sakafuni na kuikanyaga kwa mguu mmoja. Ikapasuka. Laayachi alitishia kumwita polisi.

"Mwite," Bi Touria akamjibu. "Namsubiri hapahapa."

Hakumwita. Mwanamume mmoja aliyekuwa akimchagulia mwanawe helmeti aliirudisha rafuni, akatoka. Wengine wakamfuata. Hatimaye Laayachi, uso umemwiva, akaanza kuziteremsha rafuni helmeti zote za aina ile.

Katika duka jingine Ghizlane alichagua polepole. Alifunga mkanda chini ya kidevu, akatikisa kichwa kwa nguvu. Helmeti haikucheza. Aliibonyeza, ikakataa kubonyea. Kisha akaomba glavu na koti lenye mikono mirefu.

Nje, Bi Touria alikuwa bado amekunja uso.

"Nimemkasirikia dereva yule na mwongo yule," alisema. "Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia mimi zaidi, maana nilijua na bado nikakubali. Mwanangu, tunavaa hivi vitu kwa ajili ya siku ya kuanguka, na siku hiyo hatuijui. Kwanza hakikisha kitakulinda, rangi utaiangalia baadaye. Na ukiniona nimechoka kubishana, usinishinde tena."

"Nimeelewa, Mama," Ghizlane akajibu.

Bi Touria alimkagua mkanda kwa kidole, akawasha pikipiki.