Pipa la Machotara

Haya niliyapokea kwa bibi yangu Kristina, naye aliambiwa na baba yake mzazi, Severini, mzee asiyekuwa na tabia ya kutia chumvi. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli ikiwa imefika Morogoro miaka michache tu nyuma.

Severini na mkewe Felista walikaa mlimani, juu ya Mlali, wakilima mahindi na njegere. Kila asubuhi Severini alikwenda kufanya kazi ya bustani kwa Mjerumani mmoja aliyejenga nyumba ya mawe kule juu. Watu walimwita Bwana Vibuyu kwa ajili ya mimea yake. Ilikuja kwa meli, ndani ya masanduku. Kila jani lilikuwa limejikunja likawa kama mtungi mwembamba, wenye mdomo na kifuniko, na maji ndani yake. Nzi akitua mdomoni anateleza, anatumbukia, hatoki tena. Jani linamla polepole.

Bwana hakuiweka ndani ya nyumba. Alikata mapipa ya divai nusu kwa nusu, akayapanga uani, juani na mvuani. Hayakutiwa udongo, maana udongo ungeiua mimea ile. Yalijazwa yale majani laini yanayoota juu ya mawe yenye unyevu, yanayofyonza maji kama pamba. Na maji yalikuwa ya mvua peke yake.

Mimea yenyewe ilikuwa ya aina mbili: moja ndefu kama tarumbeta, nyingine fupi, nene, yenye mishipa myekundu. Ilipotoa maua, Bwana alichukua unga wa ua hili kwa unyoya wa kuku akaupaka ua lile. Mbegu zilizopatikana akazipanda vyunguni, akangoja miaka minne.

"Hawa machotara wangu," alimwambia Severini. "Nguvu kupita mama, kupita baba."

Mwaka huo Severini hakuwa na moyo wa kusikiliza habari za maua. Binti yake Regina, aliyekuwa ndiyo kwanza anazoea kusema, alikufa kwa homa ya siku mbili. Walimzika pembeni ya msitu, walikolala watu wa ukoo wa Felista. Severini alibeba mawe kutoka kijitoni kwa mikono yake, akalijengea kaburi. Wiki tatu baadaye Felista alijifungua Kristina. Alimnyonyesha bila kumtazama usoni.

Masika ilipokolea, machotara walizidi vyungu vyao. Bwana akataka wahamishiwe kwenye pipa moja kubwa.

"Lete majani ya mawe, gunia moja. Leo."

Severini alikuwa akiyachuma juu kabisa, msituni. Siku ile mlima ulikuwa umeporomoka, njia haipo. Akarudi nyuma, na kila alipofikiria kurudi mikono mitupu alimwona nyapara na kiboko chake. Pembeni ya msitu, mawe ya makaburi yalikuwa yamefunikwa na majani yale yale, ya kijani kibichi, manene, laini.

Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kuyabandua. Gunia halikujaa. Akabandua hata ya kaburi dogo la mwisho.

Hakumwambia mtu.

Katika wiki mbili machotara walifika kiunoni mwa mtu mzima. Midomo yao ilikuwa myekundu kama ufizi. Bwana alifurahi, akapima kwa kamba, akaandika. Hakuona alichokiona Severini: nzi hawakutua tena kwenye pipa lile. Hakuna mdudu aliyelikaribia. Lakini mitungi ilizidi kunenepa.

Siku moja, saa nne asubuhi, ukungu umefunika ua, Felista alileta njegere jikoni kwa Bwana. Alipopita kwenye pipa akasimama. Akainama. Akaweka sikio kwenye mtungi mmoja, mrefu kuliko yote.

"Mama Regina," Severini akaita, "unafanya nini?"

Felista akajiwekea kidole mdomoni.

"Ananiita," akanong'ona. "Anasema ana kiu."

Tangu siku ile alikuja kila asubuhi na kibuyu cha maji ya mvua. Bwana hakumkataza. Nyumbani Felista alianza kuimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Lakini Kristina alikuwa akikonda. Mbavu zilihesabika. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mama yake alisema maziwa yamekata.

Severini akamfuata kwa siri. Alimwona amepiga magoti kwenye pipa, amefungua kanga kifuani. Alikuwa akikamulia maziwa yake ndani ya mtungi.

Alitaka kusema. Angeanzia wapi, naye anajua gunia lile lilitoka wapi?

Jioni, wakila, Felista akainua uso.

"Baba Regina. Nani alimleta pale?"

Severini akatazama sahani.

"Nimemuuliza mwenyewe," Felista akasema. "Anasema ulimchuna."

Hawakula tena. Felista akamshika mkono mumewe, kwa upole kabisa.

"Sikukasirikii. Umenirudishia mwanangu. Ila anasema mle ndani kuna baridi. Anamtaka mdogo wake."

Kesho yake Severini hakwenda kazini. Alikaa mlangoni na Kristina mapajani, panga ubavuni. Uchovu wa usiku bila usingizi ukamzidi. Akasinzia kidogo tu.

Alipofumbua macho, mapaja yalikuwa matupu.

Alikimbia, panga mkononi. Ukungu ulikuwa mzito hata haoni miguu yake. Alianguka, akainuka. Akafika uani.

Felista alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amemwinamisha mtoto juu ya pipa. Mkono wa kulia wa Kristina ulikuwa ndani ya mtungi, mpaka kwenye kiwiko.

Mtoto hakulia. Alikuwa akicheka.

Severini akamvuta. Mkono haukutoka. Akavuta tena. Na ndani ya jani, jani jembamba tu, kitu kikavuta upande wa pili.

Akaukata mtungi kwa panga.

Maji yakamwagika miguuni mwake. Yalikuwa ya moto. Yalinuka maziwa.

Felista alipiga ukelele ambao watu waliusikia mpaka bonde la pili.

"Umemuua tena! Umemuua tena!"

Severini aliwakata machotara wote, hakubakiza shina. Majani ya mawe akayarudisha gunia zima makaburini, akayapanga kwa mikono, akilia, akiomba msamaha kwa kila jina alilolikumbuka. Bwana aliamuru nyapara amchape viboko ishirini na tano pale pale uani. Alilala chini akapokea vyote. Alisema baadaye kwamba ndicho kitu pekee kilichompa nafuu.

Vita vilipokuja Bwana aliondoka, nyumba ikabaki kuta. Felista aliishi mpaka uzee. Kristina akapona, akanenepa, akakua, akaolewa Mgeta. Mama yake alimpenda, lakini kamwe hakumshika mkono wa kulia.

Niliyasikia hayo yote, nikayaona ni maneno ya wazee. Mpaka mwaka ule wa uchaguzi nilipomsindikiza bibi kwa karani wa kijiji kuandikishwa. Bibi hakujua kuandika. Karani alimwamkia shikamoo, akamsogezea kidau cha wino. Bibi akachovya dole gumba la kulia, dole pana, lililopasuka kwa jembe la miaka sabini. Akalikandamiza kwenye karatasi, akalifuta kwenye kanga yake, akatoka nje kunisubiri.

Karani aliinua karatasi kwenye mwanga. Nami nikasogea nikaona. Alama ilikuwa safi, mistari yote imetokeza, nayo haikuzidi punje ya mahindi.

Karani akanitazama. Kisha akainama, akachungulia chini ya meza, akimtafuta mtoto.